Papa Védaste Havugimana, Aliyefundisha Mabawa Kugeuza Uso
(Kalengera, 14 Machi 1954 – Goma, 9 Septemba 2025)

Kwa desturi ya jamaa hii, historia ya marehemu husomwa na mdogo wake au na mkubwa wa ukoo. Leo inasomwa na mwanawe, Tuyisenge, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuonekana Kibumba, na wengi wenu mmejiuliza tangu asubuhi anatafuta nini hapa mbele. Ameomba nafasi hii kwa sababu moja tu. Tangu tarehe 12 Julai 2014, Papa Védaste ameitwa mtu aliyekosea hesabu ya upepo, mtu ambaye mashine yake iliua ng'ombe wa wakwe siku ya arusi. Wako waliokuja leo ambao hawajui jambo jingine lolote juu yake. Kabla udongo haujamfunika, jambo hilo linapaswa kusemwa jinsi lilivyokuwa. Muzee Habarurema, mwenye ng'ombe yule, anaombwa avumilie mpaka mwisho wa karatasi.

Papa Védaste alizaliwa Kalengera, teritware ya Rutshuru, mtoto wa tatu wa marehemu Nsengimana na marehemu Mukakalisa, wakulima wa maharage wenye ng'ombe wanne na maneno mengi. Mama yake alipenda kusimulia kwamba akiwa na miaka minane, yeye na rafiki yake Habarurema walitengeneza gurudumu la mabua wakaliweka kwenye kijito chini ya nyumba. Lilizunguka siku tatu. Siku ya nne mvua ikanyesha huko juu, kijito kikajaa, gurudumu likasagika. Habarurema alicheka. Védaste alilia mpaka jioni, na mama yake alipomwambia kwamba mabua ni mengi, alijibu kwamba halii kwa ajili ya mabua. Alilia kwa sababu gurudumu halikuwa na namna ya kukataa.

Masomo ya msingi aliyafanya Kalengera kwa Mapadri. Mwaka 1968 aliteremka Goma kusoma ufundi, akalala kwa shangazi yake, akapata diplome ya A2 katika elektromekanike mwezi wa Julai 1975, kwa asilimia sitini na moja. Asilimia hiyo aliitaja kwa kila aliyemwuliza na kwa wengi ambao hawakumwuliza. Mwalimu wake wa mashine, Muzee Mushagalusa, mtu wa upande wa Bukavu, alimwachia neno ambalo nyumbani kwetu lilisemwa mara nyingi kuliko sala ya kula: "Mashini yote iko na vitu mbili, chenye kuisukuma na chenye kuizuiya. Mujinga anaangalia ile ya kwanza tu."

Novemba ya mwaka huo alipata kazi kwenye santrali ndogo ya umeme wa maji, akakaa huko miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kulinda mtambo unaofungua na kufunga njia ya maji kadiri watu wanavyovuta umeme. Maji yakiachwa yaingie yote wakati watu wamezima taa, gurudumu linakimbia mpaka linajivunja lenyewe. Kwa hiyo Papa Védaste alikaa mbele ya kipimo chenye mshale mmoja na kuutazama. Wenzake walimtania kwamba analipwa kwa kuangalia mshale. Yeye aliwajibu, "Siku mutaniona nakimbia, na ninyi mukimbie." Kwa miaka ishirini na sita hakukimbia hata mara moja.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Laurence Uwamariya, mshonaji, binti wa Kibumba. Aliyewaona wawili hao alijua kwamba Mungu hugawa maneno bila kupima: Mama Laurence aliyapata yote, Papa Védaste akabaki na mshale wake. Walizaa Umurerwa mwaka 1988 na Tuyisenge mwaka 1995. Januari 2002 volkano ilipoteremka mjini, nyumba yao ya Goma ilikwenda na moto pamoja na cherehani. Walipanda Kibumba kwenye shamba alilopewa Mama Laurence na kaka zake, yaani hapa tulipo. Mama Laurence alifariki tarehe 2 Novemba 2009. Tangu siku hiyo, mtu aliyekuwa na maneno machache aliishi katika nyumba isiyo na maneno kabisa.

Sasa tuseme juu ya mashine. Kibumba haina mto. Mvua yote hunywewa na mawe. Upepo, lakini, mnaujua wenyewe, ndio unaotukausha midomo. Kuanzia mwaka 2004 Papa Védaste alisimamisha ule mlingoti wa mita kumi na mbili mnaouona nyuma ya nyumba, akachonga mabawa matatu ya mbao kwa mkono. Ufundi wake haukuwa kwenye mabawa, maana bawa hata fundi wa madirisha anaweza kulichonga. Ufundi ulikuwa pale bawa linaposhikwa. Hakulipigilia misumari. Shina la kila bawa alilitia ndani ya rulema, yaani beringi, zile zile zinazozungusha magurudumu ya chukudu, vile vigari vya mbao vya kusukuma mizigo, ili liweze kujigeuza kama kiganja kinavyogeuka kwenye kifundo cha mkono. Upepo ukiwa wa kadiri, resori za pikipiki, yaani springi zake, ziliyashika mabawa yaupokee upepo kwa upana wao. Upepo ukizidi na mzunguko ukaanza kwenda mbio, vyuma vidogo vizito vilivyo karibu na kitovu vilivutwa nje na zile mbio, navyo viliyavuta mabawa yote matatu kwa pamoja, yakageuza uso, yakaupa upepo ukingo. Upepo ulipita zake. Mbio zilipopungua, resori ziliyarudisha mabawa mahali pao.

Mwaka wa kwanza mashine ilikuwa na ugonjwa. Iligeuka kupita kiasi ikapoa, ikarudi kupita kiasi ikakimbia, ikageuka tena. Mlingoti ulitetemeka na taa za nyumba ziliwaka na kufifia mpaka Mama Laurence akasema hawezi kushona chini ya taa yenye homa. Dawa ilichukua miezi saba kupatikana. Ilikuwa amortisa ya pikipiki, kile chuma kinachopunguza mitikisiko, iliyojazwa mafuta mazito, ikafungwa kwenye duara la chuma linalounganisha mabawa, ili yasiweze kugeuka kwa ghafla. Siku ilipotulia, Papa Védaste alimwita Tuyisenge apande naye, akamwonyesha kila kitu kwa kidole. "Kujua kugeuka haitoshi," alimwambia. "Ijue kugeuka polepole. Mwenye kugeuka haraka, nyuma ya kidogo atageuka tena." Halafu alimwonyesha lile duara. "Hii hapa usiifunge hata siku moja. Ukifunga hii, umeiua." Tuyisenge alikuwa na miaka kumi, na alielewa. Hilo ni muhimu lijulikane: alielewa.

Mwaka 2014 ulikuwa mwaka mzuri wa Papa Védaste, pengine mzuri kuliko yote tangu afiwe. Kituo cha afya cha Kalengera, kijiji chake cha kuzaliwa, kilikuwa kimekubali apeleke mashine kama hii kwa ajili ya friji ya chanjo, na mkubwa wa kamati yake alikuwa Muzee Habarurema, yule yule wa gurudumu la mabua. Na mwana wa Muzee Habarurema, Niyigena, alikuwa amemposa Umurerwa. Marafiki wawili wa kijitoni walikuwa wanakuwa wakwe. Siku ya arusi, Muzee Habarurema alimleta hapa Gaju, mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, akamfunga kule karibu na uzio kwa kamba aliyoisokota mwenyewe.

Baada ya misa wageni walikaa chini ya hema. Saa tisa upepo ulikuwa mkali. Mashine ilikuwa ikifanya kama ilivyofundishwa, inageuza uso na kurudi, inatoa umeme wake wa kawaida bila kuzidisha. Lakini siku ile kulikuwa na friji mbili za vinywaji na spika kubwa za kukodi, na muziki ulianza kuzama katikati ya wimbo. Vijana wa upande wa bwana arusi wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Muone mashini ya bamukwe. Upepo ikikuja, inageuza mugongo. Iko inaogopa." Watu walicheka vizuri tu, kama watu wanavyocheka arusini. Muzee Habarurema naye alicheka. Papa Védaste alitabasamu na kuendelea kugawa vinywaji.

Tuyisenge hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza mitihani ya Serikali, amevaa koti la kuazima, na maneno yale yalimchoma. Alikata waya kwenye uzio wa viazi. Alivuta breki ya mashine ikasimama, akapanda mlingoti, akalifunga lile duara kwa waya ile mizunguko minne ili mabawa yasiweze kugeuka, akashuka, akaachia breki. Muziki ulipanda. Taa za rangi ziliwaka mchana kweupe. Vijana walipiga makofi, na yule aliyesema maneno ya kuogopa akamletea Tuyisenge soda. Kwa dakika kama ishirini alikuwa mtu mkubwa.

Halafu mlio ulibadilika. Waliokuwapo wanaukumbuka. Bawa moja lilivunjika kwenye shina, likapita juu ya bati la nyumba, likamwangukia Gaju shingoni. Hakulia. Alikufa na kamba yake, na ndama tumboni.

Papa Védaste alipanda mlingoti peke yake. Alikawia sana huko juu, kisha akashuka mkono mmoja ukiwa mfukoni, akasimama mbele ya wakwe na kuvua kofia. "Hesabu yangu haikukuwa sawa," alisema. "Ni miye nilikosea. Munisamehe, bakwe." Muzee Habarurema alikwenda kwenye uzio, akaifungua kamba shingoni mwa Gaju, akaikunja taratibu. Aliutazama ua wote wa nyumba, akasema, "Havugimana, huyu nilikuletea angali hajakamuliwa. Hii lupango sitaikanyaga tena." Ndoa ilikuwa imekwisha kubarikiwa, kwa hiyo Umurerwa alikwenda kwa mumewe siku ile ile. Hakuna aliyeimba.

Jioni hiyo, nyuma ya jiko, Tuyisenge alimwambia baba yake, "Papa, ni miye."

"Najua," Papa Védaste alijibu. "Nimeikata ile waya."

"Nitakwenda kuwaambia."

"Hautakwenda. Jina yangu imekomaa, itabeba. Yako ingali mubichi. Na dada yako ameingia kwao leo. Wakijua ni kaka yake, kila siku akiunguza chakula watasema nini?" Kisha akamwuliza kama amekula. Tuyisenge hakwenda kuwaambia, na mwezi wa Septemba alikwenda Lubumbashi kusoma ufundi ule ule wa baba yake, kwa sababu huko hakuna aliyejua kitu.

Kalengera walisema hawawezi kumkabidhi chanjo za watoto mtu asiyejua hesabu. Parokia moja iliyokuwa imeanza kuuliza ikaacha kuuliza. Umurerwa alikuja kumwona baba yake mara mbili kwa mwaka, peke yake, na alirudi kabla ya jioni. Wajukuu wawili walizaliwa, na hakuna hata mmoja aliyelala katika nyumba ile usiku mmoja. Papa Védaste hakulalamika. Alichonga bawa jipya, akalifunga pamoja na mengine mawili yaliyobaki, mashine ikasimama tena, ikawasha taa ya mtu mmoja.

Jirani yake Kamate, mfanyabiashara wa viazi, alileta simu za soko zima kujazwa umeme, na Papa Védaste hakutaka alipwe. Alitaka Kamate akae. Kamate anasema simu iliyojaa kwa saa mbili ilimchukua saa nne kuipata mkononi, maana mzee alimweleza tena habari za resori na vyuma vidogo, tangu mwanzo, kana kwamba hakuwahi kumweleza. Mtu mwenye maneno machache alikuwa ameyaweka miaka mingi, na hakuwa na wa kumpa ila mchuuzi aliyekuja kuchukua simu. Mzee alipika sufuria moja ya viazi ya kula siku mbili. Jumapili, baada ya misa, alimpigia Tuyisenge. Waliulizana habari za afya, kisha Papa Védaste aliisogeza simu kwenye mlingoti na kusema, "Sikiya. Inageuza uso." Tuyisenge alisikia, na mara nyingi alisema mtandao ni mbaya akakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Mwishoni mwa mwaka 2022 vita vilipofika Kibumba, Papa Védaste alikimbilia Goma na gunia moja, akakaa katika chumba cha kupanga mtaa wa Mapendo. Kila aliyepanda au kushuka kutoka huku, mzee alimwuliza swali moja, kama mashine ingali inageuka. Alirudi Machi 2025. Bateri zilikuwa zimeibwa, nyaya zote zimeng'olewa, hata kufuli ya mlango. Mlingoti na mabawa vilikuwa salama. Kamate alimweleza kwamba hakuna aliyethubutu kupanda, kwa sababu kila mtu alijua ile ndiyo mashine inayoua. Papa Védaste alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Kisha alipaka mafuta rulema zote, akaiacha izunguke bila kuwasha hata taa moja.

Mwezi wa Juni miguu yake ilianza kuvimba, na waganga wa Goma walisema moyo umechoka. Tarehe 28 Agosti Kamate alimfikisha hospitali na kumpigia Umurerwa. Umurerwa akampigia Tuyisenge. Kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, Tuyisenge alipitia Kigali na kufika Ijumaa tarehe 5 Septemba. Alimkuta baba amekuwa mdogo. Siku iliyofuata, Umurerwa alipotoka kutafuta uji, Tuyisenge alimwambia baba yake, "Papa, nataka niseme ile maneno ya waya."

"Iache hivi," Papa Védaste alisema. "Nikisha kufa, jina haitaniuma tena. Ninyi munabakia na bakwe." Akapumzika, akauliza, "Ingali inageuka?"

Tuyisenge hakuwa amefika Kibumba, hakujua. Alimpigia Kamate, naye Kamate akaenda na simu mpaka chini ya mlingoti. Tuyisenge aliishika simu sikioni mwa baba yake. Safari hii hakukata. Upepo ulikuwa mwingi siku ile. Baada ya muda mzee akafumba macho na kusema, "Polepole. Muzuri." Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu za asubuhi, mwenye miaka sabini na mmoja, watoto wake wote wawili wakiwa pembeni.

Muzee Habarurema, rafiki yako hakukosea hesabu. Alihesabu sawa tangu mwaka 2004, na ukiinua macho sasa hivi utaona mwenyewe, upepo huu wote na mashine haijavunjika. Umurerwa, dada, hata wewe unaisikia habari hii leo kwa mara ya kwanza. Uliibeba aibu ambayo haikuwa ya baba yako. Wakwe, kama kuna hasira iliyobaki, ina mtu wake, naye amesimama hapa akisoma.

Tuyisenge amemvunjia baba yake neno mara mbili maishani. Mara ya kwanza ilikuwa ile waya. Mara ya pili ni karatasi hii.

Papa Védaste Havugimana anawaacha watoto wawili, Umurerwa na Tuyisenge; mkwe mmoja, Niyigena; wajukuu wawili, Aurélie na Shukuru, ambao leo wamefika kwa babu yao; jirani mmoja, Kamate, aliyekaa saa nne kungoja simu ya saa mbili; na rafiki mmoja wa utoto, Habarurema, aliyesema hataikanyaga lupango hii tena, na ambaye leo amesimama ndani yake.

Papa, upumzike kwa amani. Aliyefunga waya amesema.